Bomba Linakohoa: Mhandisi Mwanafunzi na Mwenye Shida



Nimeombwa nizungumze kuhusu miradi ya mwaka wa mwisho ya wanafunzi wa uhandisi, hasa ile inayofanywa kwa mteja wa kweli, mtu mwenye shida yake anayesubiri jibu. Ningeweza kuanzia vitabuni. Nimeona afadhali nianzie hapa milimani kwenu, kwa sababu somo kubwa kuliko yote niliyowahi kupata katika kazi yangu nililipatia kwenye koki moja ya maji ndani ya wilaya hii ya Kasulu.

Nilikuja na vijana wanne wa mwaka wa nne. Kijiji sitakitaja, maana sikuwaomba ruhusa wenyewe. Kilikuwa na mradi wa maji ya mserereko wa miaka mingi: chanzo kiko juu kwenye kilima, bomba linashuka bondeni, linapanda mgongo wa kilima cha pili, linashuka, linapanda tena kidogo, ndipo linafika kwenye tangi. Vituo vya kuchotea maji vilikuwa saba, na vinne kati yake vilikuwa vikavu. Vijana wangu walikuja na jibu mkobani: pampu ya sola, michoro iliyochorwa kwa kompyuta, hesabu za jua na za betri, na bajeti. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee wa makamo, aliwapa viti akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa, wanangu." Ninyi mnaoishi huku mnaijua "sawa" ya namna hiyo. Mgeni akija na zawadi haulizwi maswali mengi.

Tukaenda kuviona vituo. Kwenye kimoja alikuwepo mama mmoja na dumu lake la lita 20. Akatuuliza tumekuja kufanya nini, tukamweleza. Akasema, "Bomba hili si kwamba halina maji. Linakohoa."

Kijana mmoja alikuwa na akili ya kuuliza, "Linakohoaje, mama?"

Akaeleza taratibu, kama mtu anayemweleza mganga ugonjwa wa mtoto wake. Asubuhi ukifungua koki, bomba linapumua kwanza. Halafu linatema maji kiganja kimoja, linapumua tena, linanyamaza. Mwaka juzi wakati wa mvua lilikuwa likitoka vizuri. Kilipokuja kiangazi kikali chanzo kikapungua, ndipo likaanza kukohoa. Mvua iliporudi chanzo kilijaa tena, lakini bomba halikupona.

Wahandisi mlioko humu ndani mmeshalijua jibu. Kwa wengine nitaeleza, kwa kuwa ni jambo linaloeleweka bila hesabu nyingi. Maji yakipungua kwenye chanzo, mdomo wa bomba hubaki wazi na hewa huingia. Maji yakirudi, hewa hiyo haitoki yenyewe. Ni nyepesi, kwa hiyo hupanda kukaa kwenye nundu, pale bomba linapovuka mgongo wa kilima, na kila nundu inakuwa na kizibo chake cha hewa. Sasa, kimo cha mita 10 za maji hutoa msukumo wa karibu baa moja. Tuseme chanzo kiko mita 15 juu ya tangi, na hewa iliyonasa kwenye nundu mbili imekula mita 12. Kimebaki kimo cha mita 3 tu cha kuyasukuma maji kupitia kilomita nzima ya bomba lenye msuguano. Hayafiki. Na ukifunga pampu ya sola pale bondeni bila kuitoa hewa ile, umemwaga fedha juu ya ugonjwa ambao hukuupima.

Siku iliyofuata tuliufuata mgongo wa kilima pamoja na fundi wa kijiji. Alijua bomba limepita wapi kwa kuyatazama mahindi tu, mahali ambapo udongo ulikuwa umechimbwa zamani. Tukachimba kwenye nundu ya kwanza. Akatoboa, akafunga kiungo na koki ya nusu inchi, akaifungua. Hewa ilitoka kwa kishindo, ikaendelea kutoka dakika nyingi kuliko nilivyotarajia, kisha yakaja maji machafu, kisha safi. Tukaenda nundu ya pili. Tuliporudi jioni kwenye kile kituo yule mama hakusema neno. Alisogeza dumu chini ya koki akalijaza.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo kwa gharama na kubwa kwa maana: kuliinamisha bomba pale kwenye chanzo ili mdomo wake ukae chini ya maji hata kiangazi, kuweka valvu za hewa zinazojifungua zenyewe mahali pa zile koki, na kumfundisha fundi na msaidizi wake kuzisafisha.

Vijana walipowasilisha kazi hiyo chuoni, mtahini mmoja aliuliza, "Ubunifu uko wapi?" Chuo sitakitaja, wala mtahini, kwa sababu swali lake lingeweza kuulizwa kwenye chuo chochote, na miaka michache nyuma ningeliuliza mimi mwenyewe. Tumezoea kutunuku kifaa. Kifaa kinapigwa picha, kinawekwa kwenye maonyesho, kinafunikwa kitambaa na kufunuliwa na mgeni rasmi. Ugonjwa uliotambuliwa sawasawa hauna cha kupigwa picha. Mimi nasema ubunifu ulikuwa pale walipoiacha pampu yao mkobani. Kijana wa miaka 23 aliyekesha wiki sita akichora kitu, akakubali kukiweka kando kwa neno la mama mwenye dumu, huyo ameanza kuwa mhandisi.

Sasa niwasimulie jambo ambalo huenda wengi wenu hamlijui. Wizara ya Maji ilipoorodhesha vituo vya maji vya vijijini, kazi ambayo sehemu kubwa ya takwimu zake ni za mwaka 2011 hadi 2013, orodha hiyo iliwekwa wazi kwenye intaneti kupitia jukwaa liitwalo Taarifa. Tovuti moja ya Marekani, DrivenData, ikaigeuza kuwa mashindano ya kompyuta. Unapewa habari za kituo: kiko wapi, kilijengwa mwaka gani, maji yake yanatoka chanzo cha namna gani, wananchi wanalipiaje. Kazi yako ni kubashiri kama kituo hicho kinafanya kazi, kinahitaji matengenezo, au kimekufa. Vituo vilivyotolewa kwa ajili ya mazoezi ni 59,400. Katika kila 100, kama 54 vilikuwa vinafanya kazi na 38 vilikuwa vimekufa; vilivyobaki vilitoa maji kwa kuchechemea.

Kasulu imo katika orodha hiyo. Kibondo imo. Maelfu ya wanafunzi duniani, kwenye miji ambayo hamjawahi kuisikia, wamejifunzia hesabu za kubashiri kwa kutumia koki zenu. Wapo waliopatia shahada humo. Siwalaumu, hesabu zao nyingine ni nzuri sana na zinaweza kuisaidia serikali kujua ianzie wapi. Ila nilipoifungua orodha hiyo mara ya kwanza nilizisoma safu zake moja moja, na ni karibu 40. Ipo safu ya mfadhili. Ipo safu ya aliyejenga. Ipo ya bonde la mto, ya kitongoji, ya ubora wa maji, ya kama mkutano wa hadhara ulifanyika. Hakuna safu ya fundi anayerekebisha. Hakuna safu ya duka ambako kipuri kinapatikana. Katika vituo 59,400 hakuna mahali pa kuandika kwamba bomba linakohoa.

Hali hiyo ina historia. Mwaka 1971 serikali yetu ilitangaza mpango wa miaka 20: ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini awe na maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Lilikuwa lengo la heshima, na nchi maskini iliyothubutu kuliandika haistahili kubezwa. Miaka hiyohiyo, hapa Kigoma, watu walikuwa wanahamishiwa kwenye vijiji vilivyopangwa kandokando ya barabara, na barabara zetu nyingi hupita juu, kwenye migongo ya vilima, wakati maji yako chini bondeni. Mabomba yalitandazwa, pampu zikafungwa, na wahandisi, wa kwetu na wa kigeni, wakarudi mjini. Mwaka 1991 ukafika, na mamilioni wakawa bado wanateka mtoni. Sera ya maji ya mwaka 2002 ilikuja kusema wazi kwamba mradi lazima uwe wa wananchi wenyewe, na mwaka 2019 ikaundwa RUWASA ili isimamie maji ya vijijini pamoja na jumuiya za watumia maji. Ilituchukua miongo mitatu kuiandika kwenye sera hoja ambayo mzee wa hapa Buha angekueleza kwa dakika moja: kitu kisicho na mwenyewe hufa.

Neno "mwenyewe" ndilo nililokuja nalo leo. Kwenye vyuo tunasema "mteja", na neno hilo linatupotosha kidogo, maana mteja tunayemfikiria ni yule anayelipa. Katika miradi ya huku anayelipa ni mfadhili, anayesaini ni halmashauri, anayesifiwa ni chuo, na anayechota maji ni mtu wa nne ambaye jina lake halimo kwenye karatasi yoyote. Kipimo changu ni hiki. Mteja wa kweli ana mambo mawili: anaweza kukataa, na atakuwepo siku kitu kitakapoharibika.

Tazameni kambi zetu za wakimbizi kwa kipimo hicho. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia vita vya Kongo. Baada ya Aprili 2015, Warundi walipoanza kuvuka mpaka kwa wingi, kambi ile ilibeba watu zaidi ya 150,000. Nduta hapo Kibondo ikafunguliwa upya Oktoba 2015, na Mtendeli kule Kakonko mwanzoni mwa 2016. Kiwango cha Umoja wa Mataifa kwa wakimbizi ni lita 20 kwa mtu kwa siku. Pigeni hesabu: watu 150,000 ni lita milioni 3 kila siku, kwa eneo ambalo awali lilikuwa pori. Kwa mwanafunzi wa uhandisi wa maji hilo ni darasa kubwa sana. Shirika la Water Mission lilifunga mitambo ya maji ya sola kwenye kambi zote tatu, na yeyote anayejua gharama ya kusafirisha dizeli hadi huku katika mvua za Machi anaelewa uzito wa jambo hilo.

Lakini mkimbizi hawezi kukataa. Akiletewa choo kibaya atakitumia, akiletewa jiko linaloungua haraka atalipokea na kuliweka kando kimya kimya, kisha ripoti itaandika kwamba majiko yamegawiwa. Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu: ukifanya mradi kambini, jukumu lako ni mara mbili, maana lazima wewe mwenyewe umtengenezee mtu yule nafasi ya kusema hapana. Mpe vitu viwili achague. Mwache na alichokichagua mwezi mzima usimtembelee, kisha uende bila taarifa uone kiko wapi. Na uulize swali la pili pia: nani atakuwepo siku kitu kitakapoharibika? Mtendeli ilifungwa mwaka 2021. Mtu aliyechora tangi la kambi alipaswa kuwaza, tangu mstari wa kwanza wa mchoro wake, ni kijiji gani cha jirani kitalirithi, na kama kijiji hicho kitaweza kulilisha.

Wenzetu ng'ambo wamelifanyia kazi jambo hili kwa muda mrefu. Chuo cha Harvey Mudd kule California kilianza mwaka 1963 utaratibu wanaouita kliniki ya uhandisi: kampuni inaleta tatizo lake halisi, inalipia, na inamtoa mtu wake wa kufanya kazi na wanafunzi mwaka mzima. Nalipenda hilo neno kliniki. Udaktari haufundishwi bila mgonjwa, na mgonjwa huulizwa kwanza unaumwa wapi.

Mfano unaonigusa zaidi uko kwa jirani zetu wa Malawi. Madaktari wa watoto wa Hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre walikuwa wanapoteza vichanga walioshindwa kupumua, wale waliozaliwa kabla ya wakati. Mashine za kuwasaidia zilikuwa ghali mno. Mwaka 2010 wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, walipewa tatizo hilo kama mradi wao. Wakatengeneza kifaa cha kwanza kwa kutumia pampu ndogo za aina inayotia hewa kwenye matangi ya samaki wa mapambo. Kifaa kikapelekwa Blantyre, kikakosolewa na wauguzi, kikarudi, kikarekebishwa, kikaenda tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulifuatilia vichanga 87: waliopata oksijeni ya kawaida peke yake walipona 44 kwa kila 100, waliosaidiwa na kifaa kile walipona 71 kwa kila 100. Idadi ya watoto ilikuwa ndogo, nasema hivyo kwa uaminifu, lakini tofauti ile si ndogo. Baadaye Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ilishirikiana na chuo hichohicho kuanzisha karakana ya ubunifu kwa ajili ya wanafunzi wetu. Ninachotaka mkione humo ni wauguzi. Bila muuguzi wa zamu ya usiku kusema "hii sauti inatutisha" au "hiki kifungo hakionekani gizani", mradi wa aina ile hauvuki mlango wa maabara.

Nasi hatukuanza leo. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973, na mafunzo kwa vitendo viwandani yakawa sehemu ya shahada. Mwaka huohuo ikaundwa SIDO kwa ajili ya viwanda vidogo. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wake wa kuwalea wahitimu tangu 2003. Na kule Arusha, kuanzia mwaka 2009, Jodie Wu, aliyekuwa mwanafunzi wa MIT, aliutoa mradi wake wa darasani, mashine ya kupukuchua mahindi inayoendeshwa kwa baiskeli, akaufanya kampuni. Na mjini humohumo Bernard Kiwia, fundi baiskeli, akawa mbunifu na mwalimu wa wabunifu. Huyu Kiwia ananipa matumaini kuliko maprofesa wengi. Barabara ya Kasulu ina baiskeli zilizobeba mihogo, ndizi, mkaa na wagonjwa. Chini ya miti yake wamekaa mafundi wanaojua chuma kipi hukatika kwanza, wala sijasikia mwanafunzi wa uhandisi aliyepelekwa kukaa nao hata wiki moja.

Nina deni la kusema la kwangu. Nikiwa mwanafunzi nilitengeneza kikaushio cha udaga kwa kikundi cha akina mama wa Kibondo. Udaga hamhitaji kuelezwa ninyi, lakini maneno haya yatachapishwa na yatasomwa mbali. Muhogo mchungu humenywa, ukalowekwa siku kadhaa hadi ulainike, ukamegeka kwa vidole, kisha ukaanikwa. Kule kuloweka ndiko kunakopunguza sumu iliyomo, na mashine yoyote inayoharakisha kazi kwa kuiruka hatua hiyo inaweza kumlisha mtu sumu. Mimi nilijishughulisha na kuanika. Nilijenga sanduku zuri la mbao lenye kioo juu na tundu za hewa chini, nikapima joto kila saa, nikachora grafu. Lilikausha kilo 10 vizuri sana.

Akina mama wale walikuwa wanaanika magunia. Sanduku langu lilikuwa sahani mbele ya karamu. Na wangeniambia mapema kama ningeuliza, kwa sababu shida yao waliitaja siku ya kwanza na nikaiandika kwenye daftari bila kuisikia: walisema mikono inawauma. Kumenya, kuvunjavunja, kubeba maji ya kuloweka. Jua walikuwa nalo. Nilipata alama za juu. Niliporudi baada ya miaka miwili kioo kilikuwa kimevunjika, na kioo cha vipimo vile hakikupatikana Kibondo wala karibu yake. Mbao walikuwa wamejengea banda la mbuzi, na walifanya vyema. Mwenyekiti wa kikundi alinipokea kwa upendo, akanipikia, wala hakunilaumu kwa neno. Daftari lile ninalo hadi leo, na ule mstari wa mikono nimeupigia wino mwekundu.

Tangu hapo kila mradi ninaousimamia una ukurasa mmoja ambao hauna hesabu ngumu. Tunauita ukurasa wa siku ya kuharibika. Mwanafunzi anaandika: katika kitu nilichotengeneza, ni sehemu gani itakufa kwanza? Itakufa baada ya muda gani? Inauzwa duka gani, Kasulu mjini, Kigoma, au Dar es Salaam ambako ni zaidi ya kilomita 1,000? Bei yake ni madebe mangapi ya maharage? Nani ataifunga, na ana spana ya saizi hiyo? Mwanafunzi asipoweza kuujaza, hajamaliza mradi, hata kama kifaa chake kinanguruma mbele ya wageni.

Mkoa wetu una mfano wake mkubwa wa jambo hili, na unatoka ziwani. Ile meli tunayoiita Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku 5,000, ikaja kwa bahari na reli hadi Kigoma. Mwezi Julai 1916 Wajerumani walilazimika kuizamisha wasije wakaiacha mikononi mwa adui. Wahandisi wake, kabla ya kuizamisha, walizipaka injini grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza walipoiinua, injini zilikuwa hazijaharibika kwa kutu, na 1927 ikarudi kazini ikabeba abiria vizazi na vizazi. Ilikuwa meli ya vita ya wakoloni, na vibarua wa Kiafrika waliivujia jasho bila kuandikwa majina; hilo lisemwe. Lakini mtu anayepaka grisi mashine anayoizamisha amefikiria mtu atakayekuja baada yake.

Sasa jambo la mwisho, na ndilo nililotaka hasa mlibebe. Ni jambo la kalenda.

Mwaka wa masomo wa vyuo vikuu vyetu huanza kati ya Oktoba na Novemba. Mwanafunzi wa mwaka wa nne huchagua mradi hapo, huja huku kupima wakati wa likizo fupi, na humaliza katikati ya mwaka. Huku kwenu mvua huanza Oktoba na huendelea hadi Mei. Maana yake, karibu kila mwanafunzi anayepima chanzo cha maji kwa ajili ya mradi wake anakipima kikiwa kimejaa. Anachora bomba la maji ya Februari, nanyi mnalinywea Septemba. Nimelikuta kosa hilo kwenye ripoti nyingi kuliko kosa lolote la hesabu, na halionekani kwenye ripoti yenyewe, kwa sababu kila namba iliyoandikwa mle ni ya kweli.

Dawa yake haihitaji fedha mpya. Mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi hufanyika Julai hadi Septemba, kiangazi chenyewe. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aje wakati huo, akae na fundi wa jumuiya ya maji, akipime chanzo kwa ndoo na saa ya mkononi kila Jumatatu hadi mvua ya kwanza, aandike koki zipi zinakohoa. Novemba akirudi chuoni, mradi wake wa mwaka wa nne awe tayari una mwenyewe, una vipimo vya kiangazi, na una watu huku wanaolijua jina lake. Wakuu wa idara mlionisikia, hili liko ndani ya mamlaka yenu, halihitaji bunge.

Na ninyi viongozi wa jumuiya za watumia maji, wa vikundi vya muhogo, wa vyama vya wafuga nyuki wa Kibondo, waganga wakuu wa vituo vya afya: msisubiri chuo kiwatafute. Andikeni barua ya ukurasa mmoja. Semeni shida kwa maneno yenu, hivyo hivyo mnavyoisema nyumbani. Kama bomba linakohoa, andikeni linakohoa. Wekeni jina la fundi wenu na namba yake ya simu. Andikeni pia mambo ambayo mmeshaletewa na yakashindikana, na kwa nini. Barua hiyo ifike idara za uhandisi kabla ya mwisho wa Mei, ili kijana atakayekuja Julai awe ameshaisoma.

Zikifika kwangu, nitazisoma zote, na kila moja nitaijibu.